Transista za mwisho zimeungua: ununue za kiwandani, mbadala, za kung'olewa au za bei ya chini?

Amplifaya imewashwa, fyuzi ikakatika papo hapo. Umeweka nyingine, nayo ikakatika. Umefungua, ukaweka mita kwenye transista za mwisho, zile kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupozea, ukakuta kolekta na emita, miwili kati ya miguu yake mitatu, zimeshikana shoti. Hadi hapo hakuna ubishi, zinatoka. Ubishi unaanza dukani, muuzaji anapoweka mezani transista mbili za namba C5200 zenye maandishi yaleyale huku bei ya moja ikiwa mara kadhaa ya nyingine. Fundi wa jirani naye anazo alizozing'oa kwenye mashine iliyokufa transfoma. Halafu kuna rafiki anayekwambia achana na 5200 kabisa, tia MJL, za kiwanda kingine.

Njia zote nne zinatumika kila siku, Kariakoo, Luthuli Avenue na kwingineko, na kila moja ina bodi inayoifaa. Kosa ni kuanza na swali la ipi ni ya asili. Anza na bodi yako inadai nini, kisha ujiulize zikiungua tena nani atalipa, na atalipa kiasi gani.

Vigezo kabla ya bei

Cha kwanza ni volti. Pima umeme wa bodi kutoka chanya hadi ardhi, kisha kutoka hasi hadi ardhi. Tuseme umekuta volti 55 kila upande. Transista ya upande mmoja ikifunguka kabisa, ile ya upande wa pili inabaki imebeba volti karibu 110 kati ya kolekta na emita. Umeme wa ukutani ukipanda asilimia 10, jambo ambalo si geni usiku wa manane watu wakishazima vifaa vyao, 110 inakuwa 121. D718, ambayo imejaa kwenye amplifaya za huku kwetu, imeandikiwa volti 120. Umeshavuka, muziki ukipanda tu. Bodi ya volti 35 kila upande inafika 70 tu, na hapo D718 inakaa kwa raha.

Cha pili ni joto, na hapa ndipo wengi hudanganywa na namba kubwa. Zile wati 150 za C5200 ni za gamba likiwa kwenye nyuzi 25, hali ambayo haipo ndani ya amplifaya inayofanya kazi. Kuanzia hapo uwezo unapungua wati 1.2 kwa kila nyuzi moja inayopanda, hadi kuisha kabisa kwenye nyuzi 150. Gamba likiwa na nyuzi 75, zimebaki wati 90. Sasa chukua bodi yetu ya volti 55, spika ya omu 4 na jozi moja tu ya transista, yaani moja ya upande chanya na moja ya upande hasi. Kwa mlio wa kudumu, hali mbaya zaidi inampa kila transista wati 77 za joto kwa wastani, na katikati ya wimbi kuna mahali zinafika 189. Omu 8 inapunguza hesabu hiyo kwa nusu. Ndiyo maana bodi za nguvu hiyo huwa na jozi mbili, tatu au zaidi, na ndiyo maana mtu anayeunga spika mbili za omu 8 sambamba kwenye mashine ya jozi moja hurudi kwa fundi mapema.

Cha tatu ni kasi. Amplifaya za zamani zilizojengwa kwa 2N3055 zilitegemea transista zinazochelewa, zenye kasi ya megahazi moja au mbili tatu. Ukizipa ya megahazi 30, bodi inaweza kuanza kujitetemesha kwa masafa ya juu ambayo sikio halisikii. Unachoona ni bati la kupozea linachemka bila muziki wowote, na twita inayokufa kimyakimya.

Umbo nalo liangalie. Za plastiki kubwa na za plastiki ndogo zina nafasi ileile kati ya miguu, milimita 5.45, kwa hiyo ndogo hukaa kwenye matundu ya kubwa ingawa eneo lake la kugusana na bati ni dogo zaidi. Zile za kofia ya chuma ni habari nyingine, maana bati lenyewe limetobolewa kwa ajili yake.

Mwisho ni uhakika, yaani una sababu gani ya kuamini kwamba kilichomo ndani kinalingana na kilichoandikwa juu. Bei inakuja baada ya hapo.

Namba zitakazotajwa sana humu ni hizi, kwa viwango vya kiwandani:

| Jozi | Volti | Ampea | Wati | Kasi (megahazi) |
|---|---|---|---|---|
| 2N3055 / MJ2955 | 60 | 15 | 115 | 2.5 |
| TIP35C / TIP36C | 100 | 25 | 125 | 3 |
| D718 / B688 | 120 | 8 | 80 | karibu 10 |
| MJ15003 / MJ15004 | 140 | 20 | 250 | 2 |
| C3281 / A1302 | 200 | 15 | 150 | 30 |
| C5200 / A1943 | 230 | 15 | 150 | 30 |
| MJL21194 / MJL21193 | 250 | 16 | 200 | 4 |
| MJL3281A / MJL1302A | 260 | 15 | 200 | 30 |

Namba ileile, kutoka kiwandani

*Inavyohimili bodi.* Hapa hakuna cha kukisia. Aliyechora bodi aliichora kwa transista hiyo, kasi yake na ukuzaji wake, yaani inakuza mkondo mara ngapi. Kwa C5200 na A1943 mwenye namba ni Toshiba, ambao pia huziuza kwa majina ya TTC5200 na TTA1943. Ukiona majina hayo mapya usishtuke ukadhani ni nakala. Angalia pia herufi ya daraja karibu na namba: R ina ukuzaji wa 55 hadi 110, O ina 80 hadi 160. Kwenye jozi zinazofanya kazi sambamba usichanganye R na O.

*Kazi inayoongezeka.* Kidogo sana. Unatoa, unasafisha, unaweka mika (kitenga umeme) na pesti ya kupozea, unarekebisha umeme wa kutulia, yaani mkondo mdogo unaopita bila muziki. Bodi haiguswi.

*Bei na upatikanaji.* Hapa ndipo pagumu. Njia yenye uhakika zaidi ni kuagiza kwa wasambazaji wanaonunua moja kwa moja viwandani, kama Mouser, DigiKey au Farnell, na kwa agizo dogo usafiri na ushuru vinaweza kuzidi bei ya transista zenyewe. Mafundi wanaojua hili hukusanya mahitaji ya karakana kadhaa wakaagiza kwa pamoja. Duka la mtaani linaweza kuwa nazo pia, lakini neno "orijino" la muuzaji halitoshi, kwa sababu mara nyingi yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na aliyemuuzia kwa jumla.

Kuna namba ambazo njia hii imeshafungwa. C3281 na A1302 zilisimama kutengenezwa zamani, na C5200 na A1943 ndizo zilizochukua nafasi yake. C2922 na A1216 za kampuni ya Sanken, zile pana zenye miguu mitatu mbele ya gamba refu, nazo zimesimama. Ukikuta namba hizi leo zikiwa mpya zinang'aa, kwa bei ya kawaida, za kujaza boksi zima, mimi ningezipita.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya kukodisha, mashine ya msikiti au kanisa, na yeyote ambaye spika zilizounganishwa ni ghali kuliko amplifaya. Transista ya mwisho ikifa shoti bila ulinzi, umeme wote wa upande mmoja unakwenda kwenye wufa. Ukihesabu koili ya wufa ya inchi 18, tofauti ya bei ya transista inaonekana ndogo.

Mbadala wenye namba nyingine

*Inavyohimili bodi.* Vizuri, mara nyingine kuliko ya awali, mradi usiangalie volti na ampea peke yake. C3281 kwenda C5200 ni njia iliyonyooka. C3281 kwenda MJL3281A ni nzuri zaidi, ina wati nyingi na kasi ileile. MJL21194 ni chuma cha kazi nzito, lakini kasi yake ni megahazi 4. Kuitia kwenye bodi iliyochorwa kwa ajili ya megahazi 30 kunaweza kukubali au kuzaa mtetemo, maana transista inayochelewa nayo hubadilisha hesabu za bodi. Kwenye mashine ya kofia za chuma yenye 2N3055, mbadala wa busara ni MJ15003: volti 140 badala ya 60, wati 250 badala ya 115, na bado ina mwendo wa kizee unaofanana na ule wa awali. Nyingi za mashine hizo zina NPN (aina ya upande chanya) pande zote mbili, badala ya kuwa na PNP upande wa hasi, kwa hiyo angalia mchoro kabla ya kununua MJ15004 ambayo hutaihitaji.

Mbadala wa kushuka ndio wenye hatari. TIP35C inasifiwa kwa ampea zake 25 na mtu anaitia popote. Ampea hizo hazisaidii kitu kama bodi ina volti 55 kila upande na transista imeandikiwa 100. Itawaka, itaimba, na siku umeme unapopanda au wufa inaporudisha msukumo itapasuka.

*Kazi inayoongezeka.* Zaidi kidogo. Badilisha jozi nzima kila upande, usitie MJL moja katikati ya 5200 tatu. Rekebisha umeme wa kutulia upya. Hakikisha rezista na kapasita ndogo ya kutuliza mtetemo kwenye njia ya spika ni nzima, kwani mbadala wenye kasi huidai. Kama una osiloskopu au unaweza kuazima, itazame njia ya spika bila muziki. Huna? Washa dakika kumi bila muziki ukigusa bati. Likipanda joto bila sababu, zima.

*Bei na upatikanaji.* Mfululizo wa MJL na MJ ni wa kampuni ya Onsemi na unapatikana kwa wasambazaji walewale. Bei yake kwa kawaida iko juu ya 5200. Umaarufu wake mtaani ni mdogo, na hilo lina faida yake, kwa kuwa anayetengeneza nakala hufuata kinachouzwa sana. Usichukulie hivyo kama dhamana, nakala za MJL nazo zipo.

*Inamfaa nani.* Fundi anayesoma mchoro, na mwenye mashine ya zamani ambayo namba yake haitengenezwi tena. Pia mwenye bodi inayoungua mara kwa mara kwa sababu ilibanwa na kiwanda tangu mwanzo, kwa mfano D718 kwenye volti zilizo juu mno kwake. Kuitia bodi hiyo C5200 ni tiba, siyo kubahatisha.

Za kung'olewa kwenye mashine nyingine

*Inavyohimili bodi.* Transista iliyokaa miaka 20 ndani ya redio kubwa ya Kijapani ina jambo moja ambalo mpya ya dukani haina: imeshafanya kazi. Haikupigwa chapa mwaka jana. Kwa C2922 na A1216, au C3281 na A1302, hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko "mpya" ya leo.

Swali ni imetoka wapi. Mashine iliyokufa transfoma au sehemu ya redio, chaneli zote mbili nzima, hiyo ni hazina. Mashine iliyoungua chaneli moja, ukang'oa za chaneli nzima, bado ni sawa. Lakini zile zilizosalia ndani ya kundi lilelile lililoungua, mbili zikiwa shoti na mbili zikipima vizuri, sizichukui. Zilipitiwa na mkondo uleule ulioua wenzake, na mita haioni jeraha la ndani.

*Kazi inayoongezeka.* Miguu imeshakatwa mifupi, lehemu ya zamani inabidi ifyonzwe bila kuichoma transista, na huwezi kuchagua daraja la ukuzaji. Ukihitaji sita zinazofanana, itabidi upime nyingi. Toa za kutosha kwa chaneli nzima kutoka mashine moja, maana zilizokaa pamoja kiwandani huwa zinakaribiana.

*Bei na upatikanaji.* Rahisi au bure, lakini kwa kubahatisha. Leo zipo, kesho hazipo. Fundi mwenye bati kumi za amplifaya mbovu nyuma ya karakana ana akiba asiyoijua thamani yake.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashine ya zamani anayetaka ibaki na sauti na umbo lake, na fundi mwenye mashine za kuchinja. Kwa mtu aliye mbali na karakana, mwenye siku mbili kabla ya harusi, hii siyo njia.

Za bei ya chini dukani

Zinatukanwa sana, na mara nyingi kwa haki. Lakini tuseme kilicho kweli. Nyingi ni transista halisi, zinakuza, hazina shoti. Tatizo ni kwamba kipande cha silikoni kilichomo ni kidogo kuliko namba inavyodai. Ukiivunja iliyoungua kwa koleo, ya kiwandani huonyesha kipande cha karibu nusu sentimita kila upande, na nakala huonyesha kidude kidogo kuliko punje ya choroko. Silikoni ndogo haiwezi kusambaza joto lile. (Ukivunja transista za aina nyingine zenye kauri nyeupe ndani, usizisage wala kuvuta vumbi lake. Kauri ya berili ni sumu kwa mapafu.)

*Inavyohimili bodi.* Inategemea kabisa volti na mzigo. Sabwufa ya nyumbani yenye volti 35 kila upande na spika ya omu 8 inampa kila transista wati 16 za wastani katika hali mbaya zaidi, na hizo hata nakala ya hovyo huzibeba. Bodi ya volti 70 yenye jozi nne na omu 4 ni kaburi lake. Ikishaungua moja, zinazobaki hubeba mzigo wake na kufuatana.

*Kazi inayoongezeka.* Nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa lazima uzipime kabla ya kuzitia. Kile kipimo kidogo chenye skrini, kinachokuonyesha "NPN" na ukuzaji, hakitoshi. Kinapima kwa mkondo wa miliampea chache, na kwa mkondo huo nakala na ya kiwandani zinafanana kabisa. Kuna vipimo viwili vinavyosema zaidi.

Cha kwanza ni mita ya kapasita. Weka kati ya mguu wa beisi na ule wa kolekta. Toshiba wanaandika pikofaradi 200 kwa C5200 na 360 kwa A1943, lakini hizo ni kwa volti 10, na mita yako haina volti hizo, kwa hiyo ya kweli itakuonyesha zaidi ya hapo. Ukipata chini ya namba hizo, silikoni ni ndogo.

Cha pili hakihitaji mita ya gharama. Chukua betri ya gari na taa ya mbele ya wati 55. Funga transista ya NPN kwenye bati la kupozea. Emita kwenye hasi ya betri, taa kati ya chanya na kolekta, rezista ya omu 47 ya wati 5 kati ya chanya na beisi. Taa ikiwaka, pima volti kati ya kolekta na emita. Ya kiwandani huacha volti kidogo sana, chini ya nusu kwa kawaida, na haichemki. Nakala huacha zaidi, na baada ya muda mfupi inakuchoma kidole. Kwa PNP geuza: emita kwenye chanya, taa na rezista upande wa hasi. Linganisha na moja unayoiamini, maana tofauti inaonekana wazi kuliko namba yenyewe. Usiache waya wa betri ukigusana. Betri ya gari haina huruma.

Sifuti maandishi kwa asetoni wala kupima uzito kwa mzani wa dhahabu kama wengine wanavyoshauri. Watengenezaji wa nakala wameshajua kuchapa vizuri.

*Bei na upatikanaji.* Zipo kila mtaa, leo hii, jioni hii. Hakuna njia nyingine inayozishinda kwa hilo.

*Inamfaa nani.* Mashine ndogo, volti chini, mteja ambaye bei ya ukarabati isipokuwa ndogo ataitupa. Na fundi anayetaka kujaribu bodi kabla hajaihatarisha na transista za bei: tia nakala kwanza, hakikisha bodi imetulia, kisha weka zenyewe.

Ubadilishe ngapi?

Kuna makundi matatu na kila mtu ana lake. Wa kwanza hubadilisha zilizokufa tu, wa pili chaneli nzima, wa tatu mashine nzima.

Kwa mashine ya jozi moja kila chaneli, badilisha jozi hata kama moja imebaki hai. Kwa jozi nyingi sambamba, kubadilisha iliyokufa tu kunafaa ikiwa tu unaye mwenzake wa daraja lilelile na chapa ileile. Vinginevyo ile yenye ukuzaji mkubwa hubeba kazi ya wengine. Rezista za emita, omu 0.22 au 0.33, zipo kusawazisha hilo, lakini zina kikomo. Chaneli nzima ndiyo njia ya kati ninayoipendelea. Mashine nzima ina maana pale tu unapobadilisha namba na unataka chaneli zote mbili zilingane, au mashine ikiwa ya kazi na chaneli ya pili imepita umri uleule.

Lakini idadi ya transista kubwa haina maana kama zile ndogo zinazozisukuma hazikupimwa. Transista ya mwisho ikifa shoti, aghalabu huenda na transista ya kusukuma, rezista ya beisi, na rezista ya emita inayokatika bila hata kubadilika rangi. Kwenye bodi za 5200 wa kusukuma mara nyingi ni C4793 na A1837, nazo zina nakala tele. Pima zote zikiwa nje ya bodi. Pima pia ile transista ndogo iliyobanwa kwenye bati la kupozea kwa ajili ya kufuatilia joto. Ikiwa imelegea au imekatika, transista zozote utakazoweka, za Toshiba au za nani, zitachemka hadi kufa.

Kisha mwaga umeme wa kapasita kubwa kupitia rezista, si kwa bisibisi, na uwashe mara ya kwanza kupitia taa ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na umeme wa ukutani. Taa ya LED haifanyi kazi hii. Iwake kwa nguvu sekunde moja, ififie. Ikibaki inang'aa, zima, bado kuna shoti, na transista zako zimesalimika. Ikififia, pima njia ya spika bila spika: umeme wa DC uwe chini ya milivolti 50. Ukitoa taa, pima kwenye rezista za emita. Milivolti 10 kwenye omu 0.22 ni miliampea 45 za kutulia. Kiwango sahihi ni kile cha kitabu cha mashine yako, ila jozi zote zikaribiane.

Uchague kwa hali yako

Mashine ya matangazo, ya sherehe za kukodi au ya ibada, volti 50 na kuendelea kila upande: namba ileile ya kiwandani au mbadala wa kupanda kama MJL3281A, chaneli nzima kwa wakati mmoja. Kama huwezi kungoja agizo, mwambie mwenye mashine aazime nyingine kwa wiki hizo.

Amplifaya ya zamani ya kofia za chuma: MJ15003 na mwenzake ikihitajika, au za kung'olewa. Usikimbilie transista za kasi.

Redio kubwa ya Kijapani yenye Sanken au C3281: tafuta za kung'olewa kwanza. Zikikosekana, kwa C3281 weka C5200 ya kweli au MJL3281A. Kwa C2922 umbo ni kubwa na mbadala utahitaji kutoboa bati upya, kwa hiyo pigia hesabu kazi hiyo kabla hujamtajia mteja bei.

Sabwufa au redio ya nyumbani, volti 35 au chini, omu 8: za bei ya chini zilizopita kipimo cha taa zinatosha. Mwambie mwenye mashine umeweka nini, na usimtoze bei ya kiwandani.

Bodi ya D718 inayorudi kila baada ya miezi michache: pima volti zake usiku. Jumla ya pande zote mbili ikizidi 100, hama uende C5200 na A1943.

Na bodi ambayo imekula seti mbili za transista tofauti haidai ya tatu. Weka pesa mfukoni, toa transista zote za mwisho, iwashe bodi bila hizo kupitia taa ya mfululizo, uanze kufuatilia volti kutoka mwanzo wa mchoro. Pima na waya wa spika pia, na spika yenyewe, maana koili iliyoshikana haionekani ukiwa umeinama juu ya bodi.